Pigo Lililotangulia

Machi 2019, mjini Birmingham, Hendra Setiawan wa Indonesia aliingia katika fainali ya All England akiwa ameumia shavu la mguu. Alikuwa na miaka 34. Ng'ambo ya wavu walimsubiri Aaron Chia na Soh Wooi Yik wa Malaysia, mmoja miaka 22, mwenzake 21, damu inachemka. Seti ya kwanza ilikwisha 11-21, na hapo ilionekana wazi kwamba kazi imekwisha: mchezaji mmoja anachechemea, na mpira wa vinyoya wa wawili wawili ni mchezo usiomsubiri anayechechemea. Seti ya pili Hendra na mwenzake Mohammad Ahsan wakashinda 21-14. Ya tatu wakashinda 21-12. Mtu asiyeweza kukimbia alitwaa mojawapo ya mataji makongwe kabisa ya mchezo huu, tena kwa kuongeza tofauti ya pointi kadiri mechi ilivyoendelea.

Tukio hilo linahitaji maelezo, na maelezo mepesi hayatoshi. Kusema kwamba alikuwa na moyo wa simba ni kumsifu bila kumwelewa, kwa sababu wanaoshindwa nao wana moyo. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba ubora wa mchezaji wa wawili wawili haukai katika pigo linaloleta pointi. Unakaa katika pigo lililolitangulia, lile linalomlazimisha mpinzani anyanyue kinyoya ili mwenzako akishindilie. Pigo hilo haliandikwi popote. Ubao wa matokeo hauna nafasi yake, na kamera hulikosa kwa kuwa tayari zimemgeukia anayeruka nyuma. Lakini ndilo lililomfanya Hendra bingwa wa dunia mwaka 2007 na tena mwaka 2019, akiwa na mwenzake mmoja mara ya kwanza na mwingine mara ya mwisho.

Tuanze na uwanja wenyewe, maana hoja yote imejengwa juu yake. Uwanja wa wawili una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10, na wavu katikati una kimo cha mita 1.524. Kinyoya chenyewe, manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo kidogo, hakifiki hata gramu sita. Katika eneo hilo wanasimama watu wanne, kwa hiyo hakuna pembe iliyo tupu kwa muda mrefu kama ilivyo katika mchezo wa mmoja mmoja. Njia ya uhakika ya kupata pointi ni kupiga kuelekea chini kwa nguvu. Lakini hakuna awezaye kupiga kuelekea chini kinyoya kilicho chini ya ukingo wa wavu. Lazima mpinzani akiinue kwanza, na hakuna mpinzani mwenye akili atakayekiinua kwa hiari. Ndiyo maana vita vyote vya mchezo huu ni vita vya kumtia mpinzani katika hali ambayo hana jingine la kufanya ila kunyanyua.

Sheria ya kuanzisha mchezo inazidisha ukali wa vita hivyo. Katika mchezo wa wawili, eneo la kupokea limekatwa sentimita 76 kwa nyuma, hivyo anayejaribu kuanzisha kwa kinyoya kirefu cha juu anampa mpokeaji zawadi. Basi karibu wote huanzisha kwa pigo fupi linalopita juu kidogo tu ya wavu, na mpokeaji anasimama karibu na mstari, raketi imeinuliwa mbele ya uso, akisubiri kinyoya kichelewe kidogo kushuka ili akimalize. Tangu mwaka 2006, ulipoanza utaratibu wa kuhesabu pointi 21 ambapo kila mpigano unaleta pointi bila kujali nani ameanzisha, kosa moja hapo ni pointi iliyopotea papo hapo. Zamani aliyekuwa akipokea hakuweza kupata pointi, angeweza tu kunyang'anya zamu ya kuanzisha. Mapigo matatu ya kwanza yakapanda thamani, na mchezaji mwenye mkono mtulivu mbele ya wavu akapanda nayo.

Hapo ndipo alipoishi Hendra. Ukimtazama kwa karibu, kitu cha kwanza unachokiona ni jinsi anavyofanya kidogo. Kinyoya kinamjia kwa kasi kifuani. Wengine wangekirudisha kwa kasi ileile, yeye analegeza vidole kwenye mpini na kukiacha kife juu ya raketi, kidondoke hatua moja nyuma ya wavu. Mpinzani aliyejiandaa kwa mkwaju wa pili anajikuta anainama, raketi iko chini ya magoti, na kutoka huko hana njia ila juu. Kinyoya kinapaa. Nyuma ya Hendra mwenzake ameshaanza kuruka kabla kinyoya hakijafika kileleni, kwa sababu alijua kitapaa. Watu wanapiga kelele kwa smashi ile. Kazi ilikuwa imekwisha nusu sekunde kabla. Wapenzi wa soka wana bahati kwamba mchezo wao umejifunza kuhesabu pasi za magoli. Mpira wa vinyoya bado haujafika hapo, na nadhani ni hasara kwa watazamaji wake, maana wanafundishwa kumpenda mpigaji na kumsahau mwandaaji.

Mtu anaweza kusema haraka: hiyo ni imani tu, kwa kuwa kitu kisichohesabiwa hakiwezi kuthibitishwa. Ni pingamizi la haki. Kama pigo linalotangulia halina rekodi, tutajuaje kwamba lina uzito ninaoupa? Jibu ni kwamba maisha ya mchezaji wa wawili yana jaribio lake ndani yake. Wachezaji hubadilisha wenza. Anapobadilika mwenza mmoja na mafanikio yakaendelea, unaweza kuanza kuuliza ni nini kilichobaki. Na maisha ya Hendra yamejaa mabadiliko ya namna hiyo.

Mwenza wake wa kwanza mkubwa alikuwa Markis Kido. Wote wawili walizaliwa Agosti 1984, tofauti ya wiki mbili tu. Kido alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye kuruka na kushindilia kutoka nyuma kwa hasira; Hendra mrefu, mkimya, uso usiosema kitu, akilinda mbele. Mwaka 2007 walikuwa mabingwa wa dunia mjini Kuala Lumpur. Mwaka uliofuata, Agosti 2008 huko Beijing, walikutana na Cai Yun na Fu Haifeng katika fainali ya Olimpiki, Wachina wakiwa nyumbani mbele ya watu wao. Seti ya kwanza Waindonesia walipoteza vibaya, 12-21. Wakarudi 21-11, kisha 21-16, wakachukua dhahabu. Mwaka 2010 wakaongeza dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Guangzhou, tena ndani ya China. Halafu mwendo ukapungua. Hawakufuzu kwenda Olimpiki ya London mwaka 2012, na mwaka huohuo wakaachana.

Kilichofuata kinavutia hata kwa upande wa undugu. Hendra aliunganishwa na Mohammad Ahsan, na Ahsan alikuwa ametoka kucheza na Bona Septano, mdogo wake Kido. Mwenza wa kaka akaenda kuchukua mwenza wa mdogo wake. Agosti 2013, kabla hata mwaka haujakatika tangu waanze, Hendra na Ahsan walikuwa mabingwa wa dunia mjini Guangzhou, wakiwashinda Mathias Boe na Carsten Mogensen wa Denmaki. Mwaka 2014 wakatwaa All England, kisha dhahabu ya Michezo ya Asia huko Incheon mbele ya Lee Yong-dae na Yoo Yeon-seong, Wakorea waliokuwa wakicheza kwao. Mwaka 2015 wakawa mabingwa wa dunia mara ya pili, safari hii nyumbani Jakarta.

Msomaji makini atakuwa ameshaona tundu. Ahsan hakuokotwa barabarani. Mwaka 2011 yeye na Septano walikuwa wameshapata shaba ya dunia. Na Kido naye hakufifia alipoachwa: mwaka 2013 alitwaa taji la French Open akiwa na kijana Marcus Fernaldi Gideon. Kwa nini basi tumpe Hendra sifa ambayo pengine ni ya watu wawili hodari waliokutana? Sikatai kwamba Ahsan ni mchezaji mkubwa. Ninachosema ni kwamba shaba ikawa dhahabu, tena kwa haraka isiyoelezeka kwa nguvu za mikono ya Ahsan peke yake, kwa sababu mikono ile alikuwa nayo tangu awali. Kilichobadilika ni ubora wa vinyoya vilivyokuwa vikimfikia. Smashi inayopigwa ukiwa umejipanga, kinyoya kikiwa mbele ya bega, na smashi inayopigwa ukirudi kinyumenyume kukimbizana na kinyoya kilichokupita, zina jina moja tu. Mbele ya mlinzi hodari ni mapigo mawili tofauti kabisa.

Pingamizi zito zaidi kuliko hilo linaitwa Fu Haifeng. Huyu ndiye aliyeshindwa Beijing mwaka 2008, mpigaji wa nyuma ambaye smashi yake iliwahi kupimwa kilomita 332 kwa saa katika mechi ya mashindano. Mwaka 2012 alipata dhahabu ya Olimpiki na Cai Yun. Mwaka 2016 huko Rio akapata nyingine na Zhang Nan. Wenza wawili, dhahabu mbili, na mtu aliyebaki ni mshindiliaji. Je, huyu haivunji hoja yangu? Anaipunguza, na ni vizuri ipunguzwe. Nguvu nayo huhama na mwenyewe. Lakini angalia ni akina nani waliosimama mbele ya Fu. Cai Yun alikuwa mwepesi wa macho na mkono karibu na wavu, na Zhang Nan alikuwa tayari na dhahabu ya London katika mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, mchezo ambao pigo fupi na kinyoya cha mbele ndio uhai wake. Fu hakuachwa hata siku moja bila mwandaaji. Cai na Fu walikuwa mabingwa wa dunia mara nne, na zote nne walikuwa pamoja. Hendra naye ana nne, moja na Kido na tatu na Ahsan.

Kuna ushahidi mwingine unaonibana, na huu siwezi kuuzunguka. Baada ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ambako Hendra na Ahsan walitolewa katika hatua ya makundi, waliachana. Mwaka 2017 Hendra alicheza na Tan Boon Heong wa Malaysia. Kwa hesabu ya karatasi hakuna jozi iliyostahili kuwa kali zaidi: mwandaaji bora wa kizazi chake pamoja na mtu ambaye, katika majaribio ya kiwanda cha raketi mwaka 2013, alipiga kinyoya kwa kilomita 493 kwa saa. Hawakutwaa taji lolote kubwa. Mwaka huohuo Ahsan, akiwa na Rian Agung Saputro, alifika fainali ya dunia mjini Glasgow. Kama pigo linalotangulia lingekuwa mali ya mtu mmoja anayotembea nayo mfukoni, Hendra na Tan wangeshinda, na Ahsan angerudi nyuma.

Ndipo inabidi hoja isemwe kwa usahihi zaidi. Kuandaa ni lugha, na lugha inahitaji anayeisikia. Wapasua mbao wanaotumia msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja ndani ya shimo, wanalijua jambo hili kwa mikono: anayevuta akichelewa kidogo tu, aliye juu anasukuma chuma kinachopinda. Nguvu za ziada hazisaidii, zinaharibu. Hendra akidondosha kinyoya upande wa kushoto, Ahsan anajua kwamba kunyanyua kutakwenda kulia kwake, na anaanza kusogea wakati mpinzani bado hajaamua. Ujuzi huo haujengwi kwa miezi michache, hasa baina ya watu wa nchi mbili na desturi mbili za mazoezi. Kwa hiyo nakubali: mwandaaji peke yake hatoshi. Lakini kushindwa kwa jozi ile kunaangusha kwa uzito zaidi dhana iliyo kinyume na yangu, kwamba kinachoamua ni kasi ya smashi. Kasi ilikuwapo, tena nyingi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni matunda ya Indonesia, nchi inayozaa wachezaji wa wawili kama mashamba yake yanavyozaa mpunga. Dhahabu ya Olimpiki ya wanaume wawili wawili ilikwenda kwao mwaka 1996 kwa Ricky Subagja na Rexy Mainaky, mwaka 2000 kwa Candra Wijaya na Tony Gunawan, na mwaka 2008 kwa jozi yetu. Ni kweli, na ningeshangaa kama desturi hiyo isingekuwa na mkono wake. Hata hivyo desturi inaeleza kwa nini wapo wengi wazuri. Haielezi kwa nini mmoja anadumu. Na mtu anayefanana zaidi na Hendra katika historia hiyo anatoa ushahidi upande wangu. Tony Gunawan alikuwa bingwa wa Olimpiki na Candra Wijaya, bingwa wa dunia mwaka 2001 na Halim Haryanto, kisha akahamia Marekani na mwaka 2005, huko Anaheim, akawa bingwa wa dunia na Howard Bach. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Marekani kupata ubingwa wa dunia wa mchezo huu. Kwa Bach hakukuwa na mfumo wa Indonesia nyuma yake. Alikuwa na Gunawan.

Hendra na Ahsan walirudiana mwaka 2018. Umri wao ulishawapatia jina la utani miongoni mwa mashabiki, wakiitwa akina baba, na wote walikuwa baba kweli. Mwaka uliofuata ndio unaoanza na Birmingham. Agosti 25, 2019, mjini Basel, Uswisi, walicheza fainali ya dunia dhidi ya Takuro Hoki na Yugo Kobayashi wa Japani. Siku hiyo Hendra alitimiza miaka 35. Seti ya kwanza waliichukua 25-23. Ya pili walipigwa 9-21, na matokeo kama hayo kwa watu wa umri wao kwa kawaida humaanisha kwamba mapafu yamegoma. Ya tatu wakashinda 21-15. Nadhani seti hiyo ya pili ina mafunzo kuliko ile ya ushindi. Wachezaji wanaotegemea miguu wanapopoteza namna hiyo, hupoteza na ya tatu, kwa sababu miguu haipumziki ndani ya dakika mbili. Anayetegemea mkono na macho anaweza kuacha seti ipite na kurudi akiwa na silaha zake zote.

Lakini mwaka huohuo wa 2019 ulibeba pia pingamizi la mwisho. Katika fainali za Indonesia Open, Japan Open na China Open, akina baba walishindwa zote tatu na jozi moja ya nyumbani kwao: Kevin Sanjaya Sukamuljo na Marcus Fernaldi Gideon, yuleyule kijana aliyewahi kutwaa taji la Ufaransa akiwa na Kido. Hao walikuwa wa kwanza duniani, na mchezo wao ulikuwa moto, vinyoya vya bapa vinavyokwenda na kurudi kabla jicho halijatulia. Je, kasi haikuwa imeushinda utulivu? Ilishinda siku hizo. Ila mwenye kuamua mapigano katika jozi ile alikuwa Sanjaya, naye alikaa wapi? Mbele, kwenye wavu, akinasa vinyoya ili Gideon amalizie. Njia yake ilikuwa tofauti na ya Hendra kama moto ulivyo tofauti na maji, lakini kazi ilikuwa ileile. Na kwa umahiri wao wote, jozi hiyo haikuwahi kupata hata medali moja ya mashindano ya dunia.

Mipaka ya hoja yangu iko kwingine, katika mwili. Mkono mtulivu hauna faida kama mguu haukuufikisha mahali. Wale vijana wawili wa Malaysia waliopoteza Birmingham walikutana tena na akina baba katika mechi ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021. Seti ya kwanza Hendra na Ahsan walishinda 21-17; mbili zilizofuata wakapoteza, 17-21 na 14-21. Wiki chache kabla ya hapo, Juni 14, Markis Kido alikuwa amefariki kwa shambulio la moyo akiwa anacheza mpira wa vinyoya huko Tangerang, akiwa na miaka 36. Oktoba ya mwaka huo Hendra alikuwa nahodha wa Indonesia ilipotwaa Kombe la Thomas mjini Aarhus, baada ya kulikosa tangu mwaka 2002. Agosti 2022, siku tatu baada ya kutimiza miaka 38, alikuwa tena katika fainali ya dunia, tena Tokyo, tena dhidi ya Chia na Soh. Safari hii walipoteza 19-21, 14-21, na Malaysia ikapata ubingwa wake wa kwanza wa dunia katika mchezo huo.

Januari 2025, Hendra na Ahsan waliagwa siku moja katika ukumbi wa Istora mjini Jakarta, palepale walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015.